Maji ya Kukauka

Siku ya tatu Bukavu, mgongo ukaanza kunidai.
Nyumbani Lubumbashi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza ugomvi wake,
huwa nimeshaketi kwenye mashine ya kasia,
nimevuta mita elfu nne bila kutoka sebuleni.
Daktari alisema: mgongo wako ni bawaba,
usipoufungua kila siku utashika kutu.

Basi nikauliza.
Hotelini walinionyesha vyuma viwili vya kunyanyua,
kimoja kikizuia mlango usijifunge.
Muhumba, kwenye jimu ya vioo, baiskeli sita zisizokwenda popote
na kijana mwenye taulo shingoni:
mashine ya kasia iliagizwa, iko njiani,
iko njiani tangu mwaka juzi.
Motari wa Nyawera alizima pikipiki kabisa
apate kucheka vizuri.
"Kasia, papa? Ziwa si ile?
Pirogi ziko pale chini, na wenyewe watakulipa.
Maji ya kukauka unatafutia nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na mgongo.

Akanipeleka hata hivyo. Tulipanda, tukashuka, tukapanda tena
kilima kilekile kwa upande wake mwingine,
mpaka nyuma ya depo moja ya saruji, Nguba,
mlango wa bati ulioandikwa kwa chokaa:
NGUVU. GONGA.

"Ipo moja," alisema Mama Nabintu
kama mtu anayetaja ndugu mgonjwa.
Akaondoa turubai. Akaondoa kuku.
Mnyororo ulikuwa wa pikipiki,
kiti kilikuwa ubao juu ya magurudumu ya toroli ya mtoto,
na kioo cha kuhesabia kimekufa, cheusi tii.
"Franka elfu tatu. Kuhesabu ni juu yangu."
Kila mivuto kumi, kizibo kimoja cha soda
ndani ya bakuli la bati. Ti.

Na mimi kazi yangu ni kukagua mizani.
Nimeletwa huku kutia muhuri mizani za kahawa;
najua gramu inapojificha chini ya kidole gumba.
Nikaketi juu ya kitu kisichojua kupima.

Nikavuta. Feni ikakohoa vumbi la saruji, kisha ikapata pumzi.
Ziwa lilikuwa nyuma yangu, nyuma ya bati;
sikuliona, nililisikia likinusa mawe.
Wa pirogi hutazama mbele. Wa mashine huenda kinyumenyume,
macho alikotoka, kisogo aendako.
Mbele yangu ukuta, na ng'ambo ya ukuta, mbali sana kusini,
sebule iliyofungwa, na stuli
ambayo Kapinga aliketi miaka kumi na mmoja
akinihesabia kwa sauti,
akikosea kwa makusudi ili niongeze.

Umeme ukakatika. Hakuna aliyeshtuka.
Wavulana wa vyuma walikaa sakafuni gizani, wakiulizana habari za mpira.
Mashine yangu haikuwa na waya wa kukatiwa.
Ti.
Simu ya Mama Nabintu ikaita, akaongea na dada yake
bei ya sambaza, kitenge cha harusi,
nani hataki kuvaa kijani na kwa nini,
na bakuli likanyamaza.
Mivuto sitini na minne haikuandikwa. Nilijua. Ndiyo kazi yangu kujua.
Aliporudi alitupa vizibo viwili,
kwa haki aliyoijua mwenyewe.

Mizani ya namna hiyo ningeifunga kwa risasi na waya.
Nikaongeza.

"Nimefika wapi?"
Akatikisa bakuli gizani, akausikiliza uzito wake.
"Ijwi bado," akasema. "Uje na kesho."

Nje, motari alikuwa angali pale.
Akanigusa shati mgongoni, akatazama kiganja chake.
"Umelowa, papa. Kumbe yako."
Akadai mia tano zaidi,
ya kulowesha kiti.