Nyufa

Aliniletea kikaratasi cha kalenda, mwezi Machi,
ukubwa wa kiganja, kimekunjwa mara nne:
malaika kapiga goti, msichana na kitabu,
ua jeupe katikati yao, na dirisha.
"Nataka hii," alisema Bi Perpetua Mukulu,
"futi nne kwa tatu, ikae juu ya televisheni.
Si ya kuchapa. Ya mkono. Mkono hutoka jasho."

Nikakubali. Kodi ya kibanda ilikuwa imenifika shingoni.

Buluu ndiyo iliyonisumbua.
Nasikia wale wa Italia walisaga jiwe
lililovuka majangwa, bei yake dhahabu.
Mimi nilipata robo debe Gikomba,
masalio ya geti la shule ya msingi,
nikaizimua, nikaipaka mara tano
hadi joho la Bikira likaacha kufanana na geti.

Yungiyungi nililifuata sokoni, mtaa wa Muindi Mbingu.
Muuza maua alikuwa akikata nyuzi za manjano kwa mkasi
zisiwachafue maharusi.
"Niachie moja isiyokatwa," nikamwambia.

Kisha nyufa.
Kwenye kile kikaratasi picha yote ilikuwa na nyufa,
nyembamba kama mishipa ya jicho lililokosa usingizi.
Sikujua ni za mchoraji, ni za miaka, au ni za mpiga chapa.
Fundi wa nakala haulizi, anafuata.
Siku nne, kwa brashi ya nywele tatu,
nilipasua ukuta, nikapasua bawa,
nikapasua shavu la Maria polepole, nikimwomba radhi.

Bi Perpetua alipokuja akavaa miwani.
Akasogea. Akarudi nyuma.
"Mbona imepasuka? Nimelipia mpya."

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Basi nikaanza kuziba, ufa kwa ufa,
naye akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kunilinda,
na ndipo aliponiambia
miaka thelathini na mmoja alikuwa mkunga Pumwani.

"Mkono huu si wake," akanyoosha kidole.
"Msichana akipewa habari hii hashiki kifua.
Hashiki kitu. Mikono humsahau.
Na huyu," akamgusa malaika begani, rangi mbichi ikamshika,
"huyu namjua. Nimesimama aliposimama,
na karatasi badala ya ua.
Nilisema, Usiogope, kama nilivyofunzwa.
Wengine walicheka. Wengine waliuliza leo ni siku gani.
Hakuna hata mmoja aliyeniambia, Na iwe.
Mmoja, wa Bahati, sare ya shule bado mwilini,
aliomba maji tu.
Nikamwambia asubiri, foleni ilikuwa ndefu.
Niliporudi na kikombe, benchi lilikuwa tupu."

Akajifuta kidole kwa leso. Rangi haikutoka.

Sikuwa na la kusema. Nakala ni nakala:
huongezi, hupunguzi,
ndivyo alivyonichapa hadi nikaelewa
marehemu Fundi Oloo wa Kaloleni.
Lakini usiku ule, stima ikipotea na kurudi,
nilichora kikombe kwenye kizingiti cha dirisha,
cha bati, cheupe, ukingo wa buluu ile ile ya geti,
kimejaa pomoni.
Na ufa mmoja sikuuziba, chini kabisa,
unaotoka gotini pa malaika
kwenda nje ya fremu, kama mtu aliyeondoka.

Alilipa salio kwa noti za mia mia, akizihesabu mara mbili.
Kikombe hakukitaja.
Kodi ililipika, ya mwezi mmoja.

Sasa imetundikwa Makongeni, juu ya televisheni,
imeinama kidogo kushoto, msumari si wangu.
Jirani yake huniambia
mgeni akibisha, hata kabla hajavua viatu,
utasikia bomba la jikoni linafunguliwa.