Mhuri wa Zambarau

Miaka ishirini na mitatu nauza nyama hapa Mumias,
kibanda cha tatu ukitoka msikitini.
Ini zima nalijua kwa kidole gumba:
linabonyea, linarudi, linang'aa kama jiwe la mtoni.
Kipande laini humwekea Mama Nabwire, asiye na meno,
naye hunilipa Ijumaa, au Ijumaa ile nyingine.

Na bovu nalijua. Osundwa, mkaguzi,
hulichana kwa kisu chembamba, mara mbili, mara tatu,
akisaka minyoo bapa kwenye mirija.
Akiipata hasemi. Hulitupa pipani, kwenye chokaa.
Na ng'ombe mwenyewe jana alikuwa akitafuna majani ya miwa,
mkia ukipunga inzi, hana habari.

Kilichonipeleka hospitali ya misheni ni Zuhura.
Alinitazama usiku, akasema,
"Shiundu, macho yako yamekuwa bizari."
Nikacheka. Nikasingizia taa.
Kulipokucha akanitoa nje, juani, akatazama tena.
Hakusema kitu. Akajifunga leso, akachukua pochi.

Maabara, msichana Achitsa akanifunga mpira mkononi.
"Kunja ngumi, baba."
Mimi, niliyechinja nikasahau hesabu,
niligeuza uso kichupa kikijaa.

Jibu lilikuja kwa karatasi moja,
herufi tatu tatu, kama namba za magari.
ALT: mia mbili na kumi na saba. Kikomo, arobaini.
Bilirubini, juu. Albumini, palepale.
"Kwa hiyo limeoza?" nikauliza.

Daktari Khavere akavuta stuli.
"Dalili ya mvua ni mawingu, mzee.
Karatasi hii ni mawingu; haijaniambia mvua ni ya wapi.
Seli za ini zikiumia humwaga vimeng'enya kwenye damu,
navyo ndivyo tulivyovihesabu.
Lakini albumini hutengenezwa na ini lenyewe,
na bado lipo kazini."
Akanyamaza kidogo.
"Ini halina kilio. Laweza kuumia miezi
usihisi hata kichomi. Unameza nini?"

Nikataja chai. Nikataja ugali. Zuhura akakohoa.
Nikataja tembe za goti: mbili asubuhi, mbili adhuhuri, mbili usiku,
na nne za nyongeza mvua ikinukia,
tangu Ramadhani.
Na ile mizizi ya shemeji, kwenye chupa ya soda,
chungu kama talaka, ya "kusafisha damu."
Akaandika yote. Hakunikemea.
Afadhali angenikemea.

Homa ya ini, B: hakuna. C: hakuna.
Acha tembe. Mwaga chupa. Rudi Alhamisi, tupime tena.

Tukigombana, Zuhura husema nimemkata maini.
Njia nzima ya kurudi hakulitaja neno hilo;
alinishika mkono kama mtoto anayevushwa barabara.

Leo asubuhi Osundwa kaja na kisu chake.
"Polepole," nikamwambia.
"Huyu si amekufa?" akasema,
akagonga mhuri wa zambarau, akaenda zake.

Nikatia mkono chini ya mbavu, upande wa kulia,
nikabonyeza kwa kidole gumba.
Hakuna kilichojibu.
Nikampimia Mama Nabwire robo yake.
Alhamisi, Achitsa akinifunga mpira,
sitageuza uso.