Pampu ya Nne, Barka

Saa nane za usiku, Julai, joto halijalala.
Bahari inaingia kiwandani kwa bomba,
inatoka maji ya kunywa. Mimi nipo katikati,
bunduki ya grisi begani kama mtu anayekwenda kucheza harusini.

Kunjumon kaweka ncha ya bisibisi kwenye kifuniko,
mpini sikioni, macho kayafumba.
"Sikiliza," ananiambia kwa Kiarabu chake cha Kerala,
Kiarabu kilichokatwa viungo na bado kinatembea.
Nikasikiliza: mchele unapepetwa,
mchele mzuri, hauna chuya.
"Hii nzima. Siku ukisikia changarawe, niite."

Gololi tisa ndani ya pete ya chuma,
zimebeba shafti nzito kama ng'ombe wawili
na hazigusi chuma. Katikati pana utando wa mafuta
mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
na juu ya utando huo
mji mzima unachemsha chai.

Mafuta nilifundishwa na mama, kwenye cherehani
iliyotoka Unguja ndani ya gunia:
tone hapa, tone pale, futa.
Lakini nilipopewa pampu ya nne iwe yangu
niliipenda vibaya.
Kadi ilisema bana mara sita. Nikabana sita.
Nikaona choyo cha nini, nikabana sita nyingine.
Haba na haba, si hujaza kibaba?

Beringi si kibaba.
Ikijaa haina pa kupumulia. Gololi zinaogelea topeni,
joto linapanda, sabini, themanini na mbili,
tisini na tano,
grisi inayeyuka, inatoka machozi meusi
penye mpira wa kuzibia.

Alfajiri ya Ijumaa nilisikia changarawe.

Hakunigombeza. Aliifungua, akatandika gazeti,
akanionyesha kwa ukucha: njia ya gololi imebambuka
kama rangi ya mlango uliozoea chumvi.
"Nani alitia?"
"Mimi."
"Ngapi?"
Kwenye daftari nilikuwa nimeandika sita.
Feni ya karakana ilizunguka, ikazunguka.
"Kumi na mbili."
Akachukua kalamu. Akanipa mimi.

Septemba aliondoka, miaka ishirini na saba
ndani ya mabegi mawili, moja la tende.
Bisibisi aliiacha kabatini kwangu.
Mpini umelika kwa umbo la sikio lake,
langu halijakaa sawasawa.

Mama yuko Sib. Nampigia asubuhi, adhuhuri, jioni:
umekula, umemeza dawa, mlango umefunga?
Juzi akanyamaza kidogo, kisha akasema,
"Mwanangu, nakupenda, lakini acha nipumue."

Leo sijampigia.
Niko pampu ya nne. Nabana moja, mbili,
hadi sita, mkono unataka ya saba.
Nafuta kwa kitambaa. Nainama.
Mchele. Mchele. Mchele.
Halafu kitu kidogo, mbali,
sijui ni chuya au ni damu yangu mwenyewe
inayogonga mpini.
Sijaita mtu. Bado nimeinama.