Mchanga Ndani ya Bomba

Mita sita za bomba la nusu inchi
zilibaki mradi ulipokufa hapa Kitangari.
Mkandarasi aliondoka na pampu,
akaacha mtaro wazi, akaniacha na mimi
na msumeno, na kopo la gundi,
na siku kumi na nane za kuchimba
ambazo hadi leo ananidai subira.

Yakalala darini mabomba yale,
makavu kama yalivyotoka kiwandani,
mpaka Somoe, binti wa dada yangu,
alipovunja kioo cha ghala la korosho
kwa manati, jiwe moja, hatua arobaini.
Karani alikuja na hasira na bei ya kioo.
Nililipa. Sikumchapa mtoto.
Nilimuuliza tu: ulikuwa unalenga nini?
Mjusi, akasema.
Kisha, kwa uchungu: nilimkosa.

Jumapili tukaketi uani.
Yeye akashika, mimi nikakata,
unga mweupe wa plastiki ukatumwagikia mapajani
kama tunachekecha muhogo.
Miguu miwili, kona mbili, fito moja ya kulala,
katikati T, na ndani ya T
spoku ya baiskeli ya Mchopa
(Mchopa hajajua bado).
Mikono minne ikachomoza huku na huku
kama ya mtu anayekana deni.
Kila ncha niliilainisha juu ya makaa
mpaka ikanywea, ikawa bapa,
nikaibana na kifuniko cha kopo la rangi:
bluu, bluu, kijani, chekundu.

Jiwe la kwanza: ta!
Halafu basi.
Gundi ilikuwa imepenya hadi kwenye spoku,
kitu kizima kimesimama kama askari wa sanamu.
Somoe akanitazama
vile wenye nyumba wanavyotutazama mafundi.

Nikakata upya. Nikapaka mafuta ya ufuta.
Sasa ikazunguka, lakini kivivu,
na kila mara chekundu kinashuka chini, kinagoma.
Uzito, nikamwambia, uzito haujakubaliana.
Nikachota mchanga wa njiani,
nikaukaanga kwenye kikaango cha dada ukakauka kabisa,
nikaumimina kijiko kwa kijiko
ndani ya mikono iliyokuwa mepesi,
nikaziba, nikapima kwa kidole, nikaongeza kidogo.

Somoe akarudi nyuma hatua ishirini,
akavuta mpira mpaka sikioni.
Ta!
Ikaruka, ikazunguka, ikapitiliza,
na ndani ya bomba mchanga ukakimbia
kutoka ncha hadi shingo, shingo hadi ncha:
chwaaa.
Chwaaa.
Hilo sikuwa nimelipangia.

Wala sikuwa nimempangia Bi Nambunga,
aliyetokea kwenye kona ya ua wake
na ndoo mbili, kanga imefungwa nusu,
anahema: Yametoka?

Miaka mitatu koki yake imesimama mlangoni
na kufuli juu yake, asije mtu akamwibia
maji ambayo hayajafika.
Miaka mitatu ananunua ya bondeni,
ndoo kwa ndoo, na punda anapandisha bei.

Hatukumjibu.
Vifuniko vikapunguza mwendo.
Mchanga ukalala.
Aliiangalia ile mikono, akaniangalia mimi,
nami nikawa na shughuli kubwa ya kutafuta msumeno
uliokuwa mkononi mwangu.

Akaigeuza ndoo moja, akaikalia.
Ndoo ya pili akaijaza kokoto.
Leta hiyo manati, akamwambia Somoe.
Na mkandarasi ni yupi hapo?
Chekundu, akasema Somoe bila kufikiri.

Alikosa. Alikosa tena,
jogoo wa dada akahama uwanja.
La tatu likapita juu ya paa.
La nne sikuliona; nilisikia bati likilia,
kisha ule mchanga, mwepesi, mrefu,
ukishuka bombani.

Tukaketi tukausikiliza.
Hakuna aliyesema neno
mpaka ulipokauka.