Kidole Kisichokunjika

Picha ilikuwa na mlima Loleza,
buluu niliyoichanganya kwa majivuno,
na mbele yake mama muuza viazi
na gunia la duara, kama pipa lililotoka kiwandani.
Niliichora chumbani, Sisimba, dirisha nimelifunga,
mafuta ya kitani yakinuka hadi kwa mwenye nyumba.
Sikumtazama mtu. Nilijiona namjua kila mtu.

Subilaga alikuja kudai hela yake ya viazi.
Akasimama mbele ya turubai,
akaitazama kama anavyotazama mzani wa mwenzake.
"Gunia hili," akasema, "limejazwa na nani?
Halina lumbesa. Halina kilo.
Na huyu mama ameshika debe
kama mtu aliyeazimwa kuku."
Akapokea hela, akazihesabu, akaondoka.
Rangi ilikuwa bado mbichi.
Na mimi pia.

Basi nikanunua daftari la shule,
lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada,
na penseli moja nikaikata nusu, ikae mfukoni.
Uyole, alfajiri, Juni:
malori ya Umalila yanapumua moshi,
vidole vimekufa ganzi kabla ya kazi.
Nikakalia kreti la soda, nikaanza na kiazi.
Kimoja. Asubuhi nzima.

Nilidhani kiazi ni duara.
Kiazi kina bega. Kina kovu la jembe,
kina macho, na kila jicho lina kivuli chake,
na udongo uliokaukia juu yake
si mweusi, si kahawia,
ni rangi isiyokuwemo katika tyubu zangu zote.

Watu wakaniona naandika.
Neno likaruka meza hadi meza: ushuru!
Madebe yakafunikwa. Mama wa nyanya akahama na mwavuli wake.
Mmoja akaja, mikono kiunoni: "Wewe ni wa halmashauri?"
Nikamwonyesha ukurasa.
Akacheka mpaka akainama.
"Njooni muone, anakiandikisha kiazi shule!"
Kesho yake hakuna aliyenijali.
Ndicho nilichokuwa nakitaka.

Ambakisye, mbeba mizigo, hakusimama hata mara moja.
Nilimpata vipande vipande:
goti, ukurasa wa tisa; shingo, wa kumi na mbili;
jasho halichoreki.
Ni mstari mmoja, kutoka kisigino hadi kisogo,
ukiukosa huo, gunia linaelea.
Niliukosa mara thelathini na moja.
Raba ikaisha. Nikaacha kufuta.
Kosa likalala ubavuni mwa kosa,
na katikati yao, siku ya kumi na nne,
mgongo ukabeba.

Mlima nao niliuchungulia kila nikirudi nyumbani.
Siku tatu haukuwepo,
ukungu unafuta kuliko raba yangu.
Ulipotokea haukuwa buluu.
Ulikuwa kijivu, na kijani kilichochoka,
na buluu kidogo tu, pale usipoitarajia.

Mwisho nikaomba mkono wa Subilaga.
"Chora," akasema, "lakini siachi kupima."
Debe juu, debe chini, viazi vinagonga bati,
nami nafukuza kiganja kwa nusu penseli.
Akalichukua daftari, akaligeuzia mwanga.
Kimya.
"Kidole hiki hakikunjiki.
Panga, Ilembo, nikiwa darasa la nne.
Wewe umekikunja."

Miaka miwili amenipimia viazi kwa kidole hicho.

Sasa ni Julai. Gunia la zamani nimelikwangua kwa kisu cha jikoni.
Daftari liko wazi juu ya kiti, linanuka udongo.
Lumbesa imepanda, kamba za katani zimekaza,
Ambakisye hayumo,
ila uzito wake umeingia nyongani mwa mama.
Kidole nimekipaka jana usiku,
kimenyooka peke yake kando ya debe.

Baridi hii, mafuta hayakauki.
Nikikigusa kitatoka na kidole changu.
Sikigusi.
Kesho saa kumi na moja niko Uyole,
kuna mkono wa kushoto
bado sijautazama.