Nukta

Saa kumi jioni, Desemba, na Dundee imeshafumba macho.
Sauti ya Daktari Gillespie imo masikioni mwangu,
mguu wangu uko juu ya kanyagio:
nikikanyaga anasema, nikiinua ananyamaza.
Hakuna mwingine mji huu mzima
ninayeweza kumnyamazisha hivyo.

Anatafuna. Biskuti, nadhani.
Maneno yanamtoka yakiwa na makombo.

Mgonjwa: Moira Petrie, miaka sabini na tisa.
Goti, la kulia. Narudisha nyuma: la kulia.
Sijawahi kuliandika neno hilo kwa Kiingereza
bila kusikia la kwetu chini yake,
upande wenye kilio ndani.

Kisha penisilini, kisha kikohozi,
na sijui kikohozi kimemeza nini.
Ana mzio? Hana mzio?
Kwao ni kineno kifupi. Kwetu si neno kabisa,
ni *ha*, pumzi ya kupulizia miwani kabla ya kuifuta.
Iweke pasipo pake
na koo la bibi wa watu litafunga
chai yake ikingali moto.

Siku hizi mashine ndiyo inayosikia kwanza, mimi hufuata nyuma nikifagia.
Haina haya, mashine. Isichokisikia hukibuni,
ikakipa herufi kubwa na mkato mahali pake,
sentensi safi kama shuka la wodi,
na uongo umelala juu yake.

Mimi nisichokisikia nakiachia pengo.
Vistari vitano, dakika, sekunde.
Lorna, msimamizi, hapendi mapengo.
Lorna huhesabu mistari. Nukta hazihesabu.

Leo mapengo ni mawili, na la pili ni dozi:
kumi na tano, au hamsini.
Lugha yangu imezijengea nambari hizo nyumba mbalimbali;
ya kwao imezilaza kitanda kimoja.

Nikapiga simu.
Alikuwa ndani ya gari, vifuta kioo vikikwaruza.
"Andika ulichosikia."
"Nimesikia biskuti, daktari."

Kimya. Vifuta kioo, mara tatu, mara nne.
"Kumi na tano," akasema.
"Na penisilini, anao mzio. Mbaya."
Akakata.

Mashine ilikuwa imeandika hamsini.
Ilikuwa imeandika hana.

Nikafuta *ha*.
Nikaweka kumi na tano, nafasi moja, kipimo,
bila nukta wala sifuri nyuma yake,
maana karatasi ikinakiliwa mara mbili tatu
nukta hufifia,
sifuri hubaki.

Kabla ya saa mbili ujumbe ukaingia kwenye kioo:
mistari mia nne na sita, chini ya kiwango.
Na juu yake, kwa haraka za Lorna,
jina langu limepungua herufi moja.
*Sumu*, kaniandika.

Saumu, nikamjibu, nikairudisha *a* mahali pake,
nikakanyaga,
mgonjwa wa pili akaanza.