Jumamosi ya Kitana

Barua ilikunjwa mara nne ndani ya daftari la hesabu.
Mwalimu hakuliandika neno lenyewe. Aliandika "wadudu wa kichwani",
akapiga mstari, akagonga muhuri wa shule
kana kwamba Ndeshi anadaiwa ada.

Kichwa cha Eliufoo kilimalizwa kwa mashine, dakika tatu.
Kinyozi wa Pasua hakuuliza kitu, alipuliza tu,
mtoto akarudi anang'aa kama kibuyu.
Lakini Ndeshi ana miaka tisa,
ana sendofu ya shangazi yake wiki tatu zijazo,
na gauni limeshapimwa kwa fundi.
Alipouona wembe alizishika nywele kwa mikono miwili,
kama mtu mwenye kofia kwenye upepo:
Mama, nitakaa hata siku nzima. Usininyoe.

Basi tukakaa siku nzima.
Kigoda uani, upande wenye jua,
mafuta ya nazi, taulo jeupe la kuwaona wakianguka,
kitana cha chuma nilichokinunua Kiboriloni,
meno yamebanana hata jua halipiti.
Mlima nao umejifunga kilemba tangu alfajiri.
Nikasema moyoni: hata wewe?

Mama mkwe akapiga simu kutoka Machame:
mpake mafuta ya taa.
Nikaitikia ndiyo mama, ndiyo mama,
na jiko la mkaa linawaka hatua mbili kutoka kichwa cha mtoto.
Nikaendelea na nazi.

Gawa nywele. Chana kuanzia kwenye ngozi. Futa. Tazama.
Gawa tena.
Wakubwa wanakimbia. Mayai hayana haraka,
yameung'ang'ania unywele kama mpangaji anayejua sheria.

Redioni kwa jirani mtu anamsifu mheshimiwa, anamsifu tena.
Mkunde, wa miaka minne, akauliza:
Mama, huyo kasema yeye ni chawa. Anakaa kichwa cha nani?
Sikuwa na jibu la kumtosha.

Jana yake nilikuwa nimesema,
kwa sauti ya kuvuka ua wa michongoma,
kwamba wapo watu hapa hawaogeshi watoto.
Mama Ombeni alikuwa anaanika. Hakujibu.
Aliacha shati likining'inia kwa kibanio kimoja, akaingia ndani.

Saa tisa alasiri Ndeshi akageuka,
akanikazia macho juu ya masikio, kama anavyosoma ubaoni.
Mama, mbona na wewe unajikuna?

Mimi. Ninayelala nao wote watatu
tangu baba yao aondoke na lori kwenda Tunduma,
mito miwili, vichwa vinne.
Mimi niliyerusha maneno juu ya ua.

Nilijaribu peke yangu mbele ya kioo cha kabati.
Kisogo chako mwenyewe ni ugenini:
mkono unafika, jicho halifiki.

Sijui nani alimwita. Namshuku Mkunde.
Mama Ombeni aliingia na kigoda chake,
akanikalisha chini, magoti yake mabegani mwangu,
akaanza kufumua nywele zangu bila kusema pole.
Nikaanza: jana mimi nilisema...
Akasema, inamisha kichwa.

Akampata mmoja. Akamlaza kwenye ukucha wa gumba lake,
akaunyoosha mbele ya uso wangu: lete na wako.
Kidole kimoja hakivunji chawa, nimeisema kwenye kikoba,
nimeisema kwenye mchango wa bati za kanisa,
miaka yote hiyo sijawahi kuisikia ikilia.
Ta. Basi.
Kama ufuta kwenye kikaango.

Baada ya muda mrefu, na kitana kiko kisogoni, akasema:
Ombeni anao tangu Jumanne. Niliona haya kukwambia.

Foronya zinachemka kwenye sufuria ya pilau.
Siku ya saba tunarudia, maana yatakayoanguliwa yataanguliwa.
Mkunde kaleta mwanasesere wake, kipara tangu Krismasi,
kampanga foleni nyuma ya Ndeshi,
anamwambia atulie, haiumi.